Kilo 48 za naitrojeni zinaishia wapi? Mpango wa samadi kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa

Chukua ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara, anayefugwa bandani huko Machame au Tengeru. Kwa siku anakula kama kilo 10 za chakula ukiondoa maji yaliyomo, na tuseme asilimia 11 ya chakula hicho ni protini. Protini hubeba naitrojeni kwa kiwango cha asilimia 16, kwa hiyo kila siku mnyama huyu anaingiza tumboni gramu 176 za naitrojeni. Akitoa lita 8 za maziwa, gramu 42 hivi zinaondoka na maziwa hayo. Gramu 134 zilizobaki zinatoka kama mavi na mkojo. Zidisha kwa siku 365, unapata kilo 48 na ushee kwa mwaka.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Maana yake ng'ombe mmoja anaacha bandani zaidi kidogo ya mifuko miwili ya urea kila mwaka, na mwenye ng'ombe watatu ana mifuko sita. Hata hivyo mfugaji huyohuyo utamkuta duka la pembejeo kabla ya masika, anahesabu pesa za mbolea, na mwaka anaoikosa mahindi yake yanatoka ya njano. Zile kilo 48 zimekwenda wapi?

Kwa miaka mingi ushauri kuhusu samadi umehusu lundo: ligeuze, lifunike, ngoja liive. Ni ushauri mzuri, ila unaanza katikati ya safari. Mpango wa samadi na virutubisho unaanza kwenye hori, unapita sakafuni, kwenye lundo na shambani, unaishia kisimani na mtoni. Na unafuatilia virutubisho vitatu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo havifanani tabia hata kidogo. Wafugaji wengi wanaonunua mbolea ambayo tayari wanayo wanapoteza kwa sababu vitu hivi vitatu vimezungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja kiitwacho rutuba.

Nusu ya mali iko kwenye mkojo

Fosforasi karibu yote hutoka na mavi. Potasiamu, kwa sehemu kubwa, hutoka na mkojo. Naitrojeni hugawanyika: karibu nusu kwenye mavi na nusu kwenye mkojo, na kadiri unavyomlisha ng'ombe mashudu na vyakula vingine vya protini ndivyo fungu la mkojo linavyozidi.

Naitrojeni ya kwenye mavi imefungwa ndani ya masalia ya majani na vijidudu vya tumboni, hivyo hutoka polepole. Ya kwenye mkojo ni urea, ileile inayouzwa dukani. Inapokutana na kimeng'enya kilichomo kwenye mavi na udongo, ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili imeshageuka amonia. Ile harufu inayochoma macho ukifungua banda alfajiri ndiyo mbolea yako inavyoondoka. Banda lenye harufu hiyo kila siku linapoteza naitrojeni kila siku, hata kama lundo lililo nje limetunzwa vizuri kiasi gani.

Sasa angalia sakafu. Kwenye banda la udongo mkojo unazama palepale anaposimama ng'ombe, na udongo wa chini unashiba naitreti, yaani naitrojeni iliyo katika umbo la kuyeyuka majini, ambayo mvua itaisukuma chini zaidi. Kwa hesabu yetu, kilo 24 zimeshapotea kabla hata koleo halijaguswa. Marekebisho si ya gharama ya kutisha. Sakafu ya zege au ya mawe yaliyopangwa na kuzibwa kwa saruji, yenye mteremko wa sentimeta 2 hadi 3 kwa kila mita, inapeleka mkojo kwenye mfereji, na mfereji unaishia kwenye pipa au shimo lililosakafiwa na lenye kifuniko. Kifuniko ni cha lazima, maana shimo la wazi ni kuihamishia amonia mahali pengine tu. Asiye na uwezo wa zege anaweza kutandika: pumba za mpunga, maranda ya mbao, majani makavu ya migomba, mabua yaliyokatwakatwa. Matandiko yanafyonza mkojo, na yakiongezwa mara kwa mara ng'ombe analala pakavu na kwato zake hazioozi.

Matandiko nayo yana mpaka. Samadi yenye maranda mengi kupita kiasi ikienda shambani kabla haijaoza, vijidudu vya udongo vinavyoyala maranda hayo vinachukua naitrojeni kutoka kwenye udongo, na mahindi yanakaa njano wiki kadhaa. Wakulima wengine wameapa kutotumia samadi tena kwa sababu ya jambo hili, na ukiwauliza utakuta samadi yao ilikuwa zaidi maranda kuliko mavi.

Baada ya sakafu, paa. Katika eneo linalopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, paa la mita za mraba 20 linamwaga lita 20,000 za maji. Bila mfereji wa kukinga, maji hayo yanaangukia uani, yanapita kwenye mavi, yanazoa kila kinachoyeyuka na kuteremka nacho. Yakikingwa na kuelekezwa kwenye tangi ni maji ya kunywa ya ng'ombe. Anayekunywa lita 50 kwa siku anatumia lita 18,250 kwa mwaka. Katika kila mpango wa samadi wa maana duniani utakuta kanuni hii: maji safi yasikutane na uchafu. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumfanyia mfugaji mwenye pesa kidogo, ningeanza na bati la kukinga maji juu ya banda na lundo, kabla ya kitu kingine chochote.

Lundo lenyewe, likikaa wazi kwa miezi likipigwa jua na mvua, linaweza kupoteza nusu ya naitrojeni iliyoingia. Kwa hiyo zile kilo 24 za kwenye mavi zinakuwa 12. Kati ya kilo 48, robo tu ndiyo inafika shambani: nusu mfuko wa urea badala ya mifuko miwili. Lifunike kwa majani ya migomba, tabaka la udongo au turubai. Unyevu upime kwa kukamua kiganjani. Kikitoka tone moja mawili, inatosha. Kuhusu kugeuza lundo, kuna mvutano ambao washauri wengi hawausemi. Kugeuza kunaingiza hewa, lundo linapata joto la nyuzi 55 na zaidi, na joto hilo linaua mayai ya minyoo, vimelea na mbegu za magugu. Lakini kila unapogeuza, amonia inatoka. Samadi inayokwenda kwenye mchicha na mboga zinazoliwa mbichi, igeuze bila kujali. Afya za watu kwanza. Inayokwenda kwenye mahindi au matete, igeuze mara chache na uifunike mara moja.

Fosforasi haipai hewani

Hapa ndipo hesabu inapopindana, na ndiyo sehemu ambayo hata maafisa ugani wazuri huiruka.

Ng'ombe wetu anatoa kama kilo 6 za fosforasi kwa mwaka. Fosforasi haigeuki hewa. Isipozolewa na maji inabaki kwenye lundo, yote. Kwa hiyo samadi iliyotunzwa ovyo ina kilo 12 za naitrojeni kwa kilo 6 za fosforasi, mbili kwa moja. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni na kilo 3 za fosforasi, tano kwa moja. Mkulima anayetaka kuyashibisha mahindi yake naitrojeni kwa samadi hiyo peke yake atamwaga fosforasi zaidi ya mara mbili ya inayohitajika. Mwaka hadi mwaka ziada inajilimbikiza kwenye tabaka la juu la udongo.

Sasa rudisha mkojo kwenye hesabu na ulifunike lundo. Tuseme umeokoa kilo 36 kati ya 48: uwiano ni sita kwa moja, karibu kabisa na kinachotakiwa na mahindi. Kumbe kuokoa naitrojeni ni kuzuia mrundikano wa fosforasi pia. Matatizo hayo mawili, ambayo vitabu huyaweka sura tofauti, yana dawa moja.

Je, fosforasi nyingi ina ubaya gani, wakati mashamba mengi ya nyanda za juu yanaililia? Ni kweli yanaililia, hasa yale yenye udongo mwekundu na wa volkano unaoishika fosforasi na kutoiachia. Tatizo ni kwamba samadi haiendi huko. Inabebwa kwa ndoo na toroli, mara nyingi na mama wa nyumba au watoto, na ndoo ya samadi mbichi ni nzito kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Basi inaishia hatua ishirini kutoka bandani: bustani ya mboga, migomba ya nyuma ya nyumba. Sehemu hiyo inashiba hadi kufurika, huku shamba la mbali likichunwa kila msimu. Watafiti wa udongo magharibi mwa Kenya wameieleza hali hii kwa kina, udongo kubadilika kutoka mlangoni hadi mpakani mwa shamba lilelile la familia moja. Mpango usiouliza nani atabeba, na umbali gani, ni karatasi tu. Kukausha samadi chini ya paa kabla ya kuihamisha, kuibeba wakati mkokoteni unakwenda shambani kuchukua majani, au kuchimba shimo la pili la mboji hukohuko mbali, hayo ni maamuzi ya mpango sawa kabisa na kiasi cha mbolea.

Na shamba linalosahaulika kuliko yote ni la matete. Kila siku linakatwa, linabebwa, linaliwa bandani. Kila mzigo ni naitrojeni na potasiamu zilizong'olewa ardhini. Samadi ya majani hayo inaenda kwenye kahawa na nyanya, kwa kuwa hizo zinaleta pesa. Miaka mitatu baadaye mfugaji analalamika kwamba matete yamedhoofika, na anaongeza gharama za pumba. Mkojo uliokusanywa, ukachanganywa na maji na kumwagwa kwenye kifereji kando ya mashina kisha kufukiwa udongo, mahali pake pa kwanza ni hapo.

Kagera walifanya hivi kabla ya karatasi

Katika milima ya Bukoba, Wahaya walijenga vibanja vyao vya migomba juu ya udongo uliochakaa na wenye rutuba haba. Mchana ng'ombe walichungwa rweya, yaani mbuga za nyasi zinazozunguka vijiji. Usiku walilala kibanjani. Samadi na nyasi za matandazo ziliingia kibanjani kizazi baada ya kizazi, hadi udongo chini ya migomba ukawa mweusi na mzito wakati ule wa rweya, mita chache tu nje ya uzio, ulibaki maskini. Rutuba ilihamishwa. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, mtambo huo wa kuhamisha ukavunjika kwa wengi, na hadi leo kibanja chenye ng'ombe na kisicho na ng'ombe havilingani.

Wachagga nao hubeba mabua ya mahindi na nyasi kutoka tambarare kupandisha kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kihamba kinanenepa, shamba la chini linakonda. Silaumu, ni werevu mkubwa, na umelisha watu wengi kwa karne nyingi. Nataka tu ionekane kwamba samadi haiumbi kirutubisho hata gramu moja. Inakitoa mahali na kukiweka pengine, na mpango mzuri unapataja mahali palipotolewa.

Mipango rasmi ya maandishi ina chimbuko lingine. Marekani iliunda Idara ya Hifadhi ya Udongo mwaka 1935, baada ya tufani za vumbi kuondoa tabaka la juu la mashamba ya nyanda za kati. Idara hiyo, ambayo tangu 1994 inaitwa Idara ya Uhifadhi wa Maliasili (NRCS), ndiyo inayowasaidia wafugaji huko kuandaa mpango kamili wa virutubisho: uhifadhi wa samadi, matunzo ya ardhi, kiasi cha kuweka shambani, ulishaji, kumbukumbu, na matumizi mengine ya samadi. Umoja wa Ulaya ulichukua njia ya kikomo. Agizo lake la naitreti la mwaka 1991 linaruhusu kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka katika maeneo yaliyo hatarini.

Wao wanapigana na ziada. Agosti 2014 wakazi zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake, katika jimbo la Ohio, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu Ziwa Erie lilikuwa limejaa bakteria wa kijani wanaotoa sumu, wakilishwa na fosforasi, nyingi yake ikitoka mashambani kupitia mto Maumee. Sisi kwa jumla tunapigana na upungufu. Mkutano wa Abuja mwaka 2006 uliweka lengo la kupandisha matumizi ya mbolea Afrika kutoka kilo 8 hadi 50 kwa hekta. Kunakili kikomo cha Ulaya na kukibandika Rungwe hakuna maana.

Lakini zipo sehemu zetu zinazofanana na Ohio. Kiambu, Meru ya Arusha, pembezoni mwa Dar es Salaam: ng'ombe kumi kwenye robo ekari, chakula karibu chote kinanunuliwa. Kila gunia la mashudu linaloshushwa ni virutubisho vya shamba la mtu wa Singida au Shinyanga vinavyowasili kwako, na kama huna ardhi ya kuvipokea vitaenda mtaroni. Mfugaji wa namna hii hahitaji kufundishwa kutengeneza mboji. Anahitaji mnunuzi wa samadi, au jirani mwenye shamba la majani atakayekubali kubadilishana, tripu ya samadi kwa mizigo ya majani, kwa makubaliano yanayojulikana. Kupunguza protini inayozidi mahitaji ya ng'ombe nako kunapunguza naitrojeni ya kwenye mkojo, na gharama za chakula zinashuka papo hapo.

Biogesi hutajwa kama jibu la yote. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, imesaidia kaya nyingi kujenga mitambo, na faida ya kupikia bila kuni wala moshi haina ubishi. Ila mtambo unatoa kaboni tu, kama methani na hewa ukaa. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zinatoka upande wa pili zilivyoingia, na naitrojeni nyingi sasa iko tayari kuwa amonia. Tope hilo likiachwa kwenye shimo la wazi umepata moto wa jikoni na kupoteza mbolea. Likifunikwa na kufukiwa shambani siku ileile, ni bora kuliko samadi ya lundo.

Kisima, mto na mita 60

Naitreti haishikwi na udongo. Inakwenda na maji. Kisima kifupi kilicho chini ya mteremko wa banda ndicho cha kwanza kuipokea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaodhurika zaidi ni vichanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, kwa kuwa damu yao inashindwa kubeba oksijeni. Familia zetu zimezoea kuchemsha maji na kuamini yamekuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki inakolea zaidi. Kwa hiyo mahali pa kisima na mahali pa lundo vipangwe pamoja, kisima juu na lundo chini, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Fosforasi inasafiri kwa njia tofauti, imeshikana na udongo unaomomonyoka. Ndiyo maana makinga maji, mistari ya nyasi kwenye kontua na matandazo ni sehemu ya mpango wa samadi, japokuwa havigusi samadi. Nchini Tanzania kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bahari au bwawa. Wengi wanaijua kama sheria ya kuvunjiwa nyumba. Kwa mfugaji, ukanda huo ukiachwa na nyasi nene unachuja udongo kabla haujafika majini. Ziwa Viktoria, lenye magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na maji ya kijani yenye sumu katika Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, linapokea virutubisho kutoka kwenye majitaka ya miji, mmomonyoko na hata hewani. Samadi ni sehemu mojawapo tu, ila ndiyo iliyo mikononi mwa mfugaji.

Wakati wa kuweka nao una uzito wake. Samadi iliyotandazwa juu ya udongo siku moja kabla ya mvua kubwa ni hasara mara mbili, shambani na mtoni. Ifukiwe kwenye mashimo ya kupandia au ichanganywe na udongo siku ileile, karibu na kupanda, ili mizizi iwepo naitreti itakapotokea.

Kiasi gani? Pima toroli moja kwa mizani, mara moja kiangazi na mara moja masika. Toroli la kilo 60 lenye unyevu wa asilimia 60, na naitrojeni asilimia 1.5 ya sehemu kavu, lina gramu 360 tu za naitrojeni. Tani moja ya mahindi inayoondoka na kilo 15 ni toroli 40 na ushee, na kwa kuwa mara nyingi chini ya nusu ya naitrojeni ya samadi inapatikana msimu wa kwanza, nyongeza kidogo ya urea ya kukuzia si dhambi. Andika kwenye daftari toroli ngapi zimekwenda shamba lipi, magunia mangapi ya chakula yameingia, na mavuno gani yametoka. Kurasa tatu kwa mwaka zinatosha.

Kila baada ya miaka mitatu hivi peleka udongo upimwe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza au maabara ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro. Kwa Kenya, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kabete. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimeta 20, changanya, anika kivulini, peleka nusu kilo. Sampuli ya bustani ya karibu na ya shamba la mbali zisichanganywe, kwa sababu uamuzi wa lipi lipate samadi mwaka ujao utatokana na tofauti kati yake. Na ruka pale lundo lilipokaa.